Radi Haijui Cheo

Nakumbuka alasiri moja ya masika, mwanangu, nimefungwa mkanda ndani ya ndege ndogo juu ya bonde la Usangu, nimekumbatia kiti cha mbele yangu. Kabla hujacheka, jua kwanza aliyekaa mle ni nani. Ni mimi niliyeishia darasa la nne, niliyebeba mikungu ya ndizi kutoka Lufingo hadi sokoni Tukuyu mpaka utosi ukaota sugu. Enzi za ruksa zilipofika, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu, wenye vyeti walikaa wakijiuliza kama ni mtego. Mimi nikafungua robota la mitumba. Hakuna aliyenishika mkono. Haya, mmoja alinishika, na ndiye sababu ya maneno haya.

Mzee Athumani alikuwa fundi cherehani, ukoo wake ulitoka pwani. Wengine walipokuwa wakinifukuza vibarazani kama kuku, yeye alinipa upenu wake nitandike nguo zangu. Sasa binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Dar es Salaam, Ijumaa baada ya swala, na mvua ilikuwa imezoa daraja mbele ya Mbeya, mabasi yamelala. Watu wakamwambia mzee abaki, ami yake binti yuko huko huko, ataozesha. Nikasema haiwezekani. Mbele ya majirani nikamwahidi mkewe kwamba mumewe nitamfikisha kwa ndege, na nitamrudisha mzima.

Mji ulinicheka. Muuza mitumba apande ndege! Baba yangu mkubwa alitoka Ikuti kwa miguu kuja kunionya kwamba Kyala, yaani Mungu wetu, alitupa miguu, hakutupa mabawa. Nikamjibu kwamba alitupa na akili ya kuyatafuta. Heshima ilikuwapo, mwanangu, ila siku ile niliiweka mfukoni kidogo.

Tukaruka Alhamisi kutoka Mbeya, watu wasiozidi kumi. Rubani alikuwa kijana mwembamba, na nyuma yake tu alikaa bwana mkubwa mmoja mwenye suti na mkoba wa ngozi. Uwanjani mimi ndiye niliyesema kuliko wote, nikiwaeleza watu habari za ndege kana kwamba nimezaliwa ndani yake. Tulipofika juu ya Usangu nikanyamaza. Mbele yetu lilisimama wingu jeusi kwa chini, jeupe kwa juu, kichwa kimetandazika kama fuawe ya mhunzi, na kushoto na kulia limeungana na mengine. Ndege ikaanza kurushwa. Mara ikaporomoka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani. Mkoba wa bwana mkubwa ukaruka ukagonga dari.

Rubani akasema wingu lile lina radi na mvua ya mawe, pa kulizunguka hapaonekani, anarudi Mbeya. Bwana mkubwa akakataa. Ana kikao jioni, hawezi kurudishwa na mvua, na je, kijana anajua anazungumza na nani? Yule kijana akasita. Nikaiona mikono yake kwenye usukani, imekuwa mikono ya mtu anayengoja ruhusa.

Nami moyoni nilikuwa upande wa bwana mkubwa. Kwetu Tukuyu ukingoja mvua ikatike huoi wala huzikwi. Tena niliahidi. Nikamwinamia mzee nikamwambia tutapita tu, mvua tumeizoea.

Mzee hakunitazama. Alikuwa na tasbihi mkononi.

"Mama yako akisikia ngurumo shambani hufanya nini?"

"Huweka jembe chini. Huondoka chini ya mti, huingia ndani mpaka ipite."

"Na mvua tupu?"

"Hulima."

"Kumbe unajua. Mvua hupitiwa, radi hupishwa. Binti yangu ataozwa hata na ami yake, lakini baba wa pili hana. Na ule mdomo uliotusumbua uwanjani, umeuacha Mbeya?"

Mwe! Mdomo ukarudi. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini mimi nilikuwa naye huko huko juu, ningemngoja wapi?

"Bwana mkubwa," nikasema kwa sauti, "mwache kijana afanye kazi yake. Chini tutakupisha njia. Humu mkubwa ni aliyeshika usukani."

Akageuka, akanipima kuanzia kichwani. "Na wewe ni nani?"

"Muuza mitumba wa Tukuyu. Hata hiyo suti yako nalijua robota lake."

Watu wakacheka, kicheko cha hofu, lakini kiliwafungua vinywa. Mmoja akasema geuza, mwingine akasema geuza. Bawa likainama. Nyuma yetu mwanga ukalipasua lile wingu kutoka utosini hadi miguuni, na hakuna aliyetaja kikao tena. Tulipotua, bwana mkubwa aliteremka akisema atanishtaki. Mpaka leo namngoja.

Asubuhi ya Ijumaa mbingu zilikuwa zimeoshwa. Nusu ya abiria hawakurudi uwanjani. Mimi na mzee tulikuwa wa kwanza kupanda, rubani yule yule. Ikatikisika tena juu ya milima. Nikashika kiti, tukapita. Na baada ya swala, huko Dar es Salaam, Mzee Athumani alikaa mkekani, akamshika mkono bwana arusi, akamwozesha binti yake kwa kinywa chake mwenyewe, na sauti haikutetemeka. Mimi nilikaa mlangoni penye viatu, Mkristo peke yangu, nikijiona kama niliyemzaa bibi arusi. Kisha nikamrudisha mzee kwa mkewe, mzima, kama nilivyoahidi.

Wapo wanaosema nilibahatika. Waseme. Wewe, mwanangu, panda. Usizuiwe na cheti ulichokosa wala kicheko cha jirani. Ila anayeijua njia akisema turudi, simama naye, hata kama anayempinga ana cheo na wewe una kandambili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyegeuza leo akiwa hai, kesho ana safari. Aliyeshindwa ni yule aliyebaki kitandani asubuhi ile.

Kyala akukinge na la juu na la chini, akupe sauti mbele ya wakubwa, na kokote uendako wakupokee ukiwa mzima.