Uchafu wa Marehemu

Shangazi yangu ni mtu wa kinyaa. Akipeana mkono na mgeni, mkono wake hubaki umening'inia mbali na gauni mpaka apate maji. Hanywi kwenye kikombe chenye ufa. Ni ajabu basi kwamba mtu wa namna hiyo amezeekea katika vumbi la alumini na harufu ya rangi ya kupuliza. Mwenyewe husema hakuipenda kazi, aliupenda mwisho wake: ile dakika kasha linaposhushwa kwenye kamba limekauka, laini kama ganda la yai, na hakuna aliyeligusa.

Anatengeneza makasha ya pedali za gitaa, vile visanduku ambavyo mpigaji huviweka sakafuni na kuvikanyaga ili sauti ingurume au irudi kama mwangwi. Mumewe, fundi wa redio, huunganisha nyaya za ndani. Shangazi hukata bati, hulikunja kwenye jiliwa la kubania chuma, hutoboa matundu, hupiga tupa, kisha msasa: mkali kwanza, laini baadaye. Halafu huliosha kasha kwa sabuni na spiriti, na tangu hapo halishiki bila glavu, kwa kuwa kidole kimoja chenye mafuta kinatosha kuifanya rangi ikatae kushika. Mafundi wa jirani wanamwita Bi Msasa, na si kwa sababu ya kazi peke yake.

Mtu aliyemtia kinyaa kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mpiga gitaa. Siku moja aliingia bila hodi, akajifuta jasho la shingo kwa kiganja, kisha akakipeleka kiganja kilekile mezani.

"Shemeji, usiguse!"

"Sijagusa. Nimeangalia tu kwa kidole."

"Angalia kwa macho. Uliumbiwa mawili, yote hayana kazi."

Siku hiyo alileta picha ya pedali ya kiongozi wa bendi yao, aliyefariki karibuni, ambaye kila mtu alimwita Radi. Shangazi aliitambua mara moja. Kasha lile lilikuwa la kwanza maishani mwake, na lilikuwa na kosa. Karatasi ya vipimo aliibandika upande wa ndani wa bati badala ya nje, akatobolea huko, na kila kitu kikatoka kimegeuka. Waya wa gitaa, unaopaswa kuingia kulia, ukawa unaingia kushoto. Alitaka kulitupa. Radi akakataa, akasema ameshalizoea.

Laiti angelitunza! Kila aliporudi kutengenezewa swichi, kasha lilikuwa na aibu mpya: soda iliyogandia, doa la sigara, plasta ya kidonda imebandikwa mahali pa skrubu. Safari moja shangazi alipofungua kifuniko, mende walimiminika na mayai yao, wakampanda mpaka kwenye viwiko.

"Wewe baba," alimwambia Radi huku akijikung'uta, "hata nguruwe hujisugua ukutani!"

Radi alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa shemeji alitaka kasha lingine kama lile, na uchafu wake wote.

"Bendi inapiga picha," alieleza. "Vitu vya zamani vinapendeza."

"Siku hizi hata uchafu unaagizwa?"

Mumewe akakohoa. "Ndugu yangu ameniomba, mke wangu. Nimeshakubali."

Shangazi alivuta bati jipya. Alilikata bati, akabandika karatasi upande wa ndani kwa makusudi, akatoboa, akalainisha, akapaka rangi. Lilipokauka lilikuwa safi, na pale ndipo alipotamani kukomea. Akavuta pumzi, akachukua brashi ya waya. Alikwaruza rangi. Akapaka siki na chumvi ili bati lififie, akasugua rangi ya viatu kwenye mikwaruzo, akadondosha soda na kuiacha inate. Alifanya yote amegeuza uso pembeni, kama mtu anayembadilisha nepi mtoto wa jirani.

Kilichomchefua zaidi ni kwamba mikono ilijua. Ilijua mahali kisigino cha Radi kilipokula rangi, na pembe aliyokuwa akiigongesha mlangoni. Kwa kila doa alikuwa amewahi kumgombeza Radi. Kasha likafanana na lile doa kwa doa.

Shemeji alipoliona alipiga kofi la furaha. "Una mkono wa shetani, shemeji! Mama yake hatajua kabisa."

Fundi wa redio akainua kichwa. Shangazi akaweka chini kitambaa.

"Mama yake nani?"

Ukweli ukatoka vipande vipande. Mama yake Radi hakutaka chochote cha mwanawe isipokuwa ile pedali. Shemeji ndiye aliyekabidhiwa aitunze baada ya mazishi. Wakati wa kupakia vyombo aliiweka juu ya paa la teksi, akaisahau, teksi ikaondoka.

"Kwa hiyo mama wa watu analia," shangazi alisema, "na wewe unampelekea soda yangu aililie?"

"Ni faraja, shemeji. Atajuaje?"

Shangazi aliutazama uso ule wenye jasho kwa chuki ambayo hakuwahi kuwapa hata mende. Akalibana kasha kwenye jiliwa, akachukua msasa mkali.

"Shemeji, unafanya nini? Ngoja!"

"Usiguse! Kosa la matundu ni langu, naweza kulirudia hata mara mia. Uchafu huu ni wa marehemu. Aliupata kwa miguu yake. Mimi nimeuiba."

Alisugua mpaka doa la mwisho likawa vumbi na bati likang'aa tupu.

Walikwenda wote wawili kwa yule mama, maana shangazi alisema shemeji akiachwa peke yake ulimi wake utateleza kama viganja vyake. Mama alikuwa sebuleni, amenyoosha miguu juu ya mkeka. Shemeji alisema yote, teksi na paa lake na ule uchafu wa kughushi, huku akiitazama sakafu.

Mama alilichukua lile kasha tupu. Aliligeuza, kidole chake kikaingia kwenye tundu la kushoto.

"Alipoumia mkono nilikuwa namchomekea waya mimi," alisema. "Kila siku nachomeka kulia. Ananicheka."

"Kosa langu, mama," shangazi akasema.

Mama akalinusa kasha. Uso ukamkunjamana. "Hiki hakinuki kitu." Akamsukumia shemeji. "Umepoteza cha mwanangu. Chukua hiki, kitie nyaya, kapige. Kikinuka, niletee. Na usiniletee uchafu wa haraka haraka."

Shemeji alilipokea kwa mikono yote miwili, na jasho lake likachora vidole juu ya bati lililong'arishwa. Shangazi alifumbua mdomo, akaufumba.

Walipofika nje, shemeji akauliza kwa unyonge, "Na rangi je?"

"Rangi haitashika. Umeshaligusa."

"Basi nikurudishie ulisafishe?"

Shangazi aliziangalia zile alama za vidole, moja baada ya nyingine.

"Liache," alisema, kwa sauti ya mtu aliyemeza nzi. Kisha akarudi mlangoni kwa yule mama kuomba maji ya kunawa.