Milioni Moja na Moja

Mimi ndiye niliyefuta kibao cha kuandikia cha Namkunda. Nilikifuta kwa kiganja na mate, na harufu ile ya jiwe lililolowa hunirudia kila ninaposimama mbele ya ubao. Nimelikana jambo hili tangu enzi za Mwingereza, kwa mama, kwa mchungaji, hata kwa mume wangu ambaye hakuwa ameniuliza.

Tulisoma pamoja Mamba, milimani juu ya Same. Mwalimu wetu, mtu wa pwani, alikuwa na nafasi moja tu ya kumpeleka msichana shule ya bweni. Akaandika ubaoni 1,000,001. Atakayepata namba ya kuigawa bila kubakiza, mbali na moja na yenyewe, akaonyesha na kazi yake, ndiye angepanda treni.

Ilisomeka vilevile kutoka kushoto na kulia, nami nikaipenda kwa nusu saa. Kisha nikaanza kugawa. Tatu ilibakiza mbili. Saba, mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, mbili tena, kama inanicheka. Siku tatu sikula vizuri. Tisini na tisa nayo ilipobakiza mbili, nikaona mia haina haja ya kujaribiwa, nikajifunika kanga nikalia. Nilikwisha kujiona nikilima mpaka kufa.

Kesho yake baragumu lilitupeleka wote kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuzoa tope la ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Namkunda aliacha kibao chake kwenye ukuta wa ndiva. Nikachungulia. Alikuwa amegawa kwa mia moja na moja, akapata 9,901, hakuna kilichobaki. Hatua moja tu baada ya mia.

Darasani nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Hata mimi nimepata hiyo," Namkunda akasema.

"Kazi yako iko wapi?"

"Imefutwa, Mwalimu."

"Na nani?"

Nikamjibia mimi. "Maji ya ndiva, Mwalimu. Yalikirukia kibao."

Mwalimu alimwambia Namkunda aache kudandia majibu ya wenzake. Mgeni yule hakujua kwamba ndiva haizolewi tope mpaka ikaushwe. Darasa zima lilijua, likainamisha vichwa. Nilidhani wananipenda. Nilikuwa chuo kikuu tayari nilipoelewa: baba yangu ndiye aliyegawa zamu za maji, na kila mtoto pale alikuwa na shamba la mahindi kwao.

Mwaka jana simu ililia ofisini. Namkunda, kutoka posta ya Same.

"Hujambo, msomi?"

"Sijambo, dada. Habari za siku?"

"Binti yangu anauliza kwa nini sikuendelea na shule. Ndiva ilikuwa kavu siku ile."

Nilitafuta uongo mwingine, nami ni mtu wa kuishi kwa maneno. Sikupata.

"Ilikuwa kavu," nikasema. "Nilikifuta mimi."

"Haya. Rudia, nampa mwanangu simu."