Karanga za Mbegu na Panya wa Kalemie

Juzi nilikuwa nikiziba tundu la panya jikoni kwangu, na harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na majivu ikanirudisha kwenye chumba kimoja tulichopanga hapa Kalemie nilipokuwa na miaka minane. Niwaambie ukweli, wasomaji wangu: harufu hiyo siipendi. Inanitia aibu mpaka leo.

Tulikuwa tumekimbia vita kwetu Nyunzu, Mama na mimi. Papa alibaki nyuma kulinda shamba, na kabla mvua hazijaanza ikatufikia habari kwamba ameuawa. Kitu pekee cha mkono wake tulichobeba ni mfuko wa karanga za mbegu, alizochagua mwenyewe moja moja, zikiwa bado ndani ya maganda yake. Mama aliutundika kwa kamba kwenye boriti kama tulivyozoea kwetu, na hapo ndipo alipokosea. Kwetu mbegu hukaa juu ya moto, moshi ukizilinda usiku na mchana. Huku tulipikia nje kwenye mbabula, lile jiko dogo la makaa, na chumba hakikuwa na moshi wowote. Wiki ya kwanza tu, panya wakautoboa mfuko.

Mama hakulia. Alishona pale palipotoboka, akakanda udongo na majivu na vipande vya chupa, akatembeza kidole ukutani na kuziba kila tundu alilolikuta. Kisha akatoboa kifuniko cha kopo la maziwa na kukipitisha kwenye kamba, juu ya mfuko, ili panya akishuka ateleze na kuanguka.

"Hii njo mbegu ya kurudia kwetu," aliniambia. "Muntu asiiguse. Vita ikiisha, tutaenda kupanda."

Kila asubuhi alikwenda ufukweni kuwaanikia watu ndagala, akilipwa bakuli la samaki haohao. Mchana, nikitoka shule, nilibaki mimi, njaa, na ule mfuko. Siku moja nikapanda juu ya ndoo, nikafungua fundo la mfuko, nikachukua karanga tano, nikalifunga tena. Kesho yake nikachukua kumi. Maganda niliyatawanya chini ya ukuta, na Mama akirudi, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulalamika: "Mama, panya wamekuja tena!" Wanasema panya huuma huku akipuliza. Panya huyo nilikuwa mimi.

Mama aliyaokota maganda, akayageuzageuza kiganjani, akaguna.

"Panya ya Kalemie iko na akili," alisema, akakanda udongo na kuziba hata pasipokuwa na tundu.

Jirani yetu, mama mmoja muuza samaki, alimletea sumu ya panya ndani ya karatasi. Mama alimrudishia kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake.

"Sumu? Mu nyumba iko na mutoto? Apana, Mama. Sumu haina macho."

Baada ya wiki chache sikuihitaji tena ndoo. Nikisimama kwa ncha za vidole, mkono ulifika. Baadaye nikafika bila hata kunyanyua visigino. Nilifurahi mno, nikajua kwamba ninakua.

Vita vikatulia, watu wakaanza kurudi Nyunzu. Mama akaushusha mfuko mbele yangu na mbele ya jirani. Ulikuwa mtupu.

"Panya walimaliza," alimwambia jirani, bila kunitazama.

Hatukurudi. Mama amezikwa hapahapa, mbali na shamba lake.

Nilikuwa mtu mzima nilipojiuliza swali rahisi kabisa: ni panya gani angepita kile kifuniko, afungue fundo, ale, kisha alifunge tena? Na sketi yangu ya shule, mwaka ule wote, ilibaki palepale magotini. Sikurefuka hata kidole kimoja. Mama ndiye aliyekuwa akiishusha kamba.