Kisima cha Karurumo

Nilikuwa karani katika kampuni ya kununua makadamia mjini Embu, na kazi yangu nyingine ilikuwa kusimamia misaada kwa jamii. Ndipo nikatumwa Karurumo kutafuta mahali pa kuchimba kisima. Mjane mmoja mzee, niliyemwita shosho, yaani bibi, alikubali kutoa kona ya shamba lake. Aling'oa mistari miwili ya muguka, majani ya kutafuna kama miraa, aliyokuwa akiuza, kisha akaniuliza, "Na pampu ikiharibika, nimwite nani?"

"Niite mimi, shosho." Nikamwandikia nambari yangu.

Siku ya uzinduzi mkurugenzi alikunywa maji mbele ya kamera. Kwenye picha, shosho tulimweka katikati.

Pampu iliharibika kabla ya mwaka wa pili kwisha. Aliponipigia, nilikwenda kwa mkubwa wangu siku hiyo hiyo. Hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Mradi ule tulishaufunga. Mwaka huu ni kupanda miti."

Sikuweza kumwambia shosho hivyo. Nilimwambia avumilie, fundi yuko njiani. Akapiga tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mwishowe nikawa naitazama tu simu ikilia juu ya meza hadi inyamaze.

Nilichokuwa sijui ni kwamba majirani walikuwa wamemgeuka. Kisima kiko kwake, walisema, bila shaka ameuza vipuri. Hata kanisani hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Akarudi kuteka maji mtoni, mtungi mgongoni, peke yake, na mvua za masika zikamletea kikohozi ambacho hakikupona.

Habari za msiba nilizipata kwa dereva wetu. Nilikwenda kuzika. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Niliwaambia hakuuza chochote. Alinipigia simu mara nyingi, nami sikushika. Watu waliinamisha vichwa. Mwanamke mmoja akaanza kulia.

Nikielekea barabarani, mwanawe mkubwa alinifuata. Nilidhani atanipiga.

"Asante kwa kusema," aliniambia kwa upole. "Lakini ungesema akiwa hai. Mwezi wake wa mwisho hakuna aliyekuja kumwona."



Pampu ilitengenezwa baadaye. Majirani walichanga, nami nikachanga. Kilikuwa kifaa kimoja tu kilichokatika. Fundi alikuja asubuhi, na kabla ya saa sita maji yalikuwa yanatoka.