Mkaguzi wa Bima Alivyopokewa Kagoma

Baba ana gari la kukodishia watalii, lenye kitanda na jiko ndani. Msimu wa mvua uliopita dhoruba iling'oa kifuniko cha dirisha la paani, maji yakalowesha godoro na kuangusha mbao za dari. Nilisoma mkataba wa bima mara tatu, kwa kuwa siamini kitu nilichosoma mara moja. Maji ya dhoruba yanalipwa, maji yanayovuja polepole hayalipwi. Ushahidi wetu ulikuwa zile mbao, ambazo hazikuwa na ukungu unaoletwa na maji ya kuvuja.

Niliwaambia wazazi wasiguse kitu, nikaenda Bukoba kumchukua mkaguzi wa kampuni.

Tuliporudi Kagoma, gari lilikuwa limesafishwa. Godoro lilikuwa juani, limekauka. Sakafuni mama alikuwa ametandika nyasi mbichi, kama tunavyomtandikia mgeni wa heshima, na juu yake ameweka kikapu cha kahawa kavu ya kutafuna.

"Mama, si nilisema msiguse?"

"Mgeni akanyage maji kwangu? Huko chuoni walikufundisha nini?"

Mkaguzi alitafuna kahawa, akatazama dari tupu, akauliza mbao ziko wapi. Mama alimwonyesha moto wa kuni jikoni, ambako ndizi za mgeni zilikuwa zinachemka.

"Zimewaka vizuri sana," baba alimhakikishia. "Zingekuwa na ukungu zingefuka moshi."

Mkaguzi aliyaandika maneno hayo, akala sahani mbili, akashukuru. Baadaye kampuni ilijibu kwamba ushahidi uliotajwa haukuweza kukaguliwa.