Bwana Mpagani na Bakuli la Kanga

Jina langu la mwisho ni la kawaida mno. Ukiliita kwa sauti mnadani Ikungi, nusu ya wanaume watageuka na mbuzi wao. Sikuwahi kulijali hadi nilipompata mwanaume wa kunioa, naye akawa nalo hilohilo.

Kwetu jina la mwisho ni la babu. Babu yangu alibatizwa katika parokia ya Ihanja, na babu wa mchumba wangu naye alibatizwa hapohapo. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye bila kauli yake hakuna posa inayopokelewa, aliposikia hivyo aliweka chini ungo wa mtama.

"Kama babu ni mmoja, huyo ni kaka yako. Hapa haoi mtu."

"Shangazi, majina yanafanana tu!"

"Basi nioneshe yanapoachana."

Nilikasirika, maana hasira zangu ziko karibu. Nilimpenda yule mwanaume mpaka nikawa naunguza ugali. Tukaenda wote wawili parokiani kuomba kitabu cha ubatizo cha zamani. Padri, mtu mcheshi, alitufungulia kabati na kutuachia meza.

Jina letu lilijaa mle kama magugu. Inaelekea mapadri wa enzi hizo walikuwa wakibatiza siku ya mtakatifu mwenye jina hilo na kumgawia kila mwanaume jina lake. Tukakimbilia safu ya baba mzazi, tukijua hapo ndipo babu zetu watakapoachana. Kila mstari ulikuwa na neno moja tu: mpagani. Baba wa huyu, mpagani. Baba wa yule, mpagani.

"Huyu Bwana Mpagani alizaa kweli," mchumba wangu akaninong'oneza.

Tulicheka hadi padri akaja kuchungulia. Njiani kurudi hatukucheka tena.

Nilipompa shangazi habari hizo, aliguna. "Aliyeandika hakuuliza la maana. Waalike wazee wao Jumapili. Na umtafute jirani anayejua kupika kanga. Mchumba wako usimdokeze lolote."

Nikaelewa. Ukoo wetu hauli kanga. Ni mwiko unaotoka kwa baba kwenda kwa watoto, na maji ya ubatizo hayakuuosha: babu alisali kila Jumapili, na kanga hakumgusa hadi anazikwa. Wageni nao wakimkataa, basi ukoo ni mmoja na harusi imekwisha.

Jumapili mchumba wangu alikuja na babu yake mdogo kutoka Mkiwa, mzee wa adabu za polepole. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, maji ya kunawa, sala. Bakuli likafunuliwa. Mzee hakugusa. Mchumba naye, akimngoja mkubwa, hakugusa. Nilisimama mlangoni na jagi, nikamwomba Mungu na Bwana Mpagani kwa pamoja.

"Mbona wenyeji hamjanawa?" mzee akauliza.

"Kanga kwetu ni mwiko, baba," shangazi akajibu, macho kwenye vidole vya mgeni. "Tangu kwa babu zetu."

Mzee akalitazama bakuli, kisha akamtazama shangazi.

"Hamli kabisa?"

"Kabisa."

"Mungu ashukuriwe," akasema, akilivuta bakuli kwake. "Ukoo wa kuoa ndio huu. Mjukuu wangu, chukua paja, hawa hawatatunyang'anya."

Shangazi akapiga kigelegele hadi mzee akashtuka na kipapatio mdomoni. Mimi nililia palepale mlangoni, sikuona aibu hata kidogo.

Sasa tunaishi Mwankoko. Mume wangu humpika kanga mwenyewe, uani, kwa sufuria yake, na watoto wetu humzunguka, kwani wao wanafuata miko ya baba yao. Mimi hukaa upande wa pili na mlenda wangu. Harufu ikinifikia huivuta kwa nguvu, nikishukuru kwamba siwezi kuonja.