Nilimsingizia Shemeji Salfa ya Mikorosho

Admin, ficha jina langu, kijiji kitaje tu, Nkowe tuko wengi. Nina miaka hamsini na mbili, ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Mambo ya wenzangu nayasema haraka, lakini hili langu nimelikalia tangu miaka ya elfu mbili mwanzoni.

Mwaka huo mume wangu alishikwa na nimonia kali. Nachingwea wakatupa rufaa ya Dar es Salaam, akaingizwa mpira kooni, mashine ikampumulia wiki tatu. Akapona. Siku ya kuruhusiwa, yeye akiwa anavaa viatu, daktari aliniita pembeni: "Mama, mpira umekaa muda mrefu, njia ya hewa inaweza kufanya kovu ikaziba. Ukisikia anakoroma akiwa macho, usingoje hata siku moja. Mlete." Nikaitikia.

Tulirudi msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Shamba letu limepakana na la mdogo wake mume wangu, nitamwita Bakari. Kila asubuhi mashine yake ikinguruma, lile vumbi la njano linatufikia uani. Haukupita muda, mume wangu akaanza kukoroma mchana kweupe, amekaa kitini. Nilijua palepale ni nini.

Lakini binti yetu alikuwa unyagoni, zimebaki siku nane atolewe. Wageni nimeshaalika, vitenge vimeshashonwa, na kwa sifa zangu nimetamba kijiji kizima kwamba ngoma kama yangu haijawahi kuchezwa. Baba wa mwali akirudishwa Dar, ngoma imevunjika. Nikamwambia, "Hiyo salfa ya Bakari. Kunywa maziwa, itakata." Huku kwetu kila anayekohoa msimu ule huambiwa hivyo, nani angebisha?

Siku ya kumtoa mwali, watu wanacheza, mume wangu alivuta hewa ikagoma. Midomo ikawa myeusi, macho kanikazia mimi. Tukampakia kwenye pikapu mpaka Nachingwea, wakamtoboa shingo ndipo akapumua. Daktari akaniuliza, "Hamkuambiwa mrudi akianza kukoroma?"

Nikasema, "Hatukuambiwa."

Kovu lilikuwa limeshakaza, na lile tundu analo mpaka leo. Analiziba kwa kidole ndipo sauti itoke. Maneno yake ya kwanza yalikuwa kwa mdogo wake: "Salfa yako imeniua nusu." Bakari alibisha, akalia, ndugu wakamtenga. Mwishowe akaiacha mikorosho yake akahamia Mbekenyera. Mimi nilinyamaza, tena nikawa naokota korosho zake.

Juzi amekuja, mvi kichwa kizima. Safari hii hakubisha. Kapiga magoti uani: "Kaka, nisamehe. Sikujua kama salfa yangu ingekufikisha hapa." Mtu anaomba radhi kwa kosa langu!

Mume wangu aliziba tundu, akanigeukia: "Mama Zuhura, wewe ndiye uliyeniuguza. Ukisema nimsamehe, namsamehe."

Nimeomba kufikiri hadi Ijumaa. Bakari amelala kwa jirani, anasubiri. Nikisema "msamehe" tu, nitakuwa nimemsingizia mara ya pili. Nikisema kweli, naogopa kidole kile kitaziba tundu ili kunitamkia talaka.

Ndugu zangu, leo ni Jumatano. Nitukaneni mkitaka, nastahili, lakini mkimaliza mnishauri: Ijumaa nifungue mdomo niseme lipi?